Bei ya haki mbele za Mungu



Ndugu ana Yamaha AG100 ya zamani. Ameipaka rangi mpya, amebadili kiti na usukani, ameongeza taa. Sasa anataka kuiuza. Aombe bei gani?

Kwanza, asijumlishe pesa zote alizotumia kuipamba. Mapambo yalikuwa furaha yake. Mnunuzi hana deni la furaha hiyo. Aulize pikipiki kama hizo zimeuzwa kweli kwa bei gani, si bei zilizotajwa tu. Kisha apunguze gharama ya matengenezo yanayobaki. Kama alitunza kiti na usukani wa kwanza, avitoe pamoja nayo: wako wanaotaka pikipiki jinsi ilivyotoka kiwandani. Na namba ya shasi ilingane na makaratasi.

Sasa tusikie Neno. Mithali 20:14 inatuonyesha mnunuzi anayedharau kitu, halafu akiisha kuondoka anajisifu. Lakini Walawi 19:36 inamgusa muuzaji pia: mizani yake iwe ya haki. Rangi mpya juu ya fremu iliyopasuka ni mizani ya uongo. Kesho mama atapanda nyuma na mtoto mgongoni, na fremu inaweza kukatika kwenye mteremko.

Ndugu muuzaji, taja ufa huo kabla ya kutaja bei. Utapokea pesa pungufu, lakini utampa mnunuzi mkono na kuomba naye pale pale, bila aibu.

Mungu awabariki. Amina.