Mbu wa Mchana

Mwaka 2014, dengi ilipoikumba Dar es Salaam, nami nilishikwa. Homa kali, macho yauma kwa nyuma, viungo kama nimepigwa rungu. Nikafanya tufanyavyo wengi: nikanunua dawa mseto dukani, nikaongeza aspirini. Siku ya tatu fizi zikatoka damu. Hospitali wakapima: malaria hakuna, ni dengi, ile wazee waliyoiita kidingapopo.

Na chandarua ninacho! Lakini mbu huyu si yule wa malaria. Ana madoa meupe miguuni, huuma mchana, na huzaliana kwenye maji yaliyotuama ndani ya ndoo, matairi na vifuu. Wangu nilimfuga mwenyewe, kwenye pipa lisilo na mfuniko.

Kuwashwa si kitu. Osha kwa sabuni, weka kitambaa cha maji baridi, usijikune hadi pachubuke. Homa ndiyo ya kuogopa. Kapime kwanza. Kabla hujajua ni homa gani, aspirini usiiguse, huzidisha kutoka damu. Parasetamoli yatosha, na maji mengi. Ukiona damu, au tumbo likikaza kwa maumivu, mbio hospitali.

Pipa langu sasa lina mfuniko. La jirani bado.