Wataonana Wapi? Mahali na Mapenzi katika Hadithi Zetu

Mhadhara wa umma uliotolewa Zinga, Bagamoyo



Nimeombwa nieleze kazi ya kuandika hadithi za mapenzi imenifikisha wapi. Nitalijibu swali hilo kama lilivyoulizwa, maana kwangu mimi hiyo “wapi” ndiyo kazi yenyewe. Mtu akiniletea kisa cha wapenzi wawili, siulizi kwanza wanapendana kiasi gani. Nauliza: wataonana wapi? Kijana analala chumba kimoja na wadogo zake watatu. Binti hawezi kupita njia moja mara mbili bila jirani kumuuliza amepoteza nini. Kwa hiyo mahali pa kukutania ni shida ya kwanza ya wapenzi wetu, na mwandishi asiyeitatua hiyo hajaanza kuandika.

Mimi somo hilo nilifundishwa hapa hapa.

Hadithi yangu ya mwanzo ilitoka kwa mfululizo katika gazeti moja la kila wiki. Katika sehemu ya saba niliwakutanisha wapenzi wangu ufukweni, siku ya mwezi mpevu, saa kumi na moja jioni. Wakatembea juu ya mchanga mpana mpaka jua likazama nyuma ya minazi. Niliiona sehemu nzuri kuliko zote. Baada ya wiki mbili nikapata barua, karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, imeandikwa na mama mmoja mkulima wa mwani wa upande huu. Baada ya salamu alikuwa na jambo moja tu. Siku ya mwezi mpevu, saa hiyo ya jioni, bahari imejaa hadi kwenye mizizi ya mikoko. Huo mchanga mpana nimeutoa wapi?

Nikapanda gari Mwenge, Dar es Salaam, nikashuka Zinga barabarani, nikauliza njia mpaka nikafika kwake. Nikamwamkia. Akaniambia, “Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe? Basi kesho vua viatu, twende.”

Kesho yake saa tatu asubuhi tulikuwa ndani ya maji ya magotini, na maji yenyewe yanazidi kukimbia. Niliona vigingi vya miti vimesimama safu kwa safu mchangani, kamba zimevutwa kati yake, na kwenye kila kamba vipande vya mwani vimefungwa kwa vikamba vidogo, kimoja kimoja, hatua ya kiganja. Vidole vyake vilifunga bila macho kuangalia. Akanieleza kwamba bamvua, yaani siku za maji makubwa, huja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, na kwamba pwani hii maji ya bamvua hujaa alfajiri na tena jioni, kisha hukupwa sana asubuhi kwenye saa nne na tena usiku saa hizo hizo. Wanawake wa mwani wana siku chache tu katika kila bamvua za kufika shambani. Yakija maji mafu, bahari isipokupwa vya kutosha, wanabaki nyumbani na kamba zao. Mwani wa leo utavunwa baada ya wiki sita hivi.

Halafu akasema neno ambalo nimeishi nalo hadi leo. Kila siku bahari huchelewa karibu saa nzima kuliko jana. Kwa hiyo msichana wa huku akimwambia mtu “kesho wakati kama huu”, hasemi saa ya ukutani.

Nilirudi nikaanza kuandika upya. Kama maji yanakupwa saa nne usiku na mwezi uko juu, basi mchanga wangu mpana upo, tena unang'aa. Lakini ni binti gani wa Zinga atakayetoka nyumbani kwao saa nne usiku, na amwage mama yake vipi? Ikabaki asubuhi. Na asubuhi pwani imejaa watu: wanawake kwenye mwani, watoto wanaokota chaza, wavuvi wanasukuma mashua. Nikamwinamisha binti yule kwenye kamba zake, nikampitisha kijana akienda kwenye chombo na nyavu begani. Wakaongea bila kutazamana, yeye akifunga mwani, huyu akijifanya anakagua nyavu. Kila mtu anawaona. Hakuna anayewasikia, maana upepo wa baharini hubeba maneno.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo sikulisoma katika kitabu chochote: faragha ya kwetu haifichwi macho, inafichwa masikio. Tangu siku hiyo siandiki wapenzi bila kujua upepo unatoka wapi.

Mhariri aliiondoa sehemu ile. Akawahamishia wapenzi wangu katika hoteli ya ufukweni, na ikachapishwa hivyo bila mimi kuulizwa. Mama wa mwani hakuandika barua safari hii. Nilipomtembelea aliniuliza kwa upole, “Huyo binti aliingiaje hotelini na kanga mbichi?” Niliumia sana. Nikamwahidi kwamba sitatoa tena hadithi bila yeye kuisikia kwanza, na ahadi hiyo niliitimiza.

Wanafunzi, msidhani hili ni jambo langu peke yangu. Chukueni hadithi kubwa za mapenzi za pwani hii na maeneo yetu, mziulize swali lile lile.

Sayyida Salme, binti wa Sultani Said bin Sultan, alikutana wapi na Heinrich Ruete, mfanyabiashara kutoka Hamburg? Ameeleza mwenyewe katika kumbukumbu alizochapisha kwa Kijerumani mwaka 1886. Nyumba zao zilikuwa jirani katika Mji wa Zanzibar, na kutoka dirisha la ghorofa ya juu aliweza kuona karamu za nyumba ya pili. Yaani ujenzi wa Mji Mkongwe, nyumba zilizobanana na mapaa bapa, ndio uliowakutanisha. Mwaka 1866 akatoroka kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden, wakaoana huko mwaka uliofuata, na mwaka 1870 mume akafa kwa ajali ya tramu. Watu hupenda kusimulia kutoroka kwake. Mimi kila nikienda Unguja hutazama mapaa.

Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ni kinyume chake. Pale Ukerewe Rosa hana mahali kabisa. Kijana anamtumia barua, baba anaikamata, na kipigo kinachofuata ndicho kinachomwelekeza maisha yake yote. Kitabu kile kilipigwa marufuku shuleni kwa muda kwa sababu ya mambo ya mwili. Kwa maoni yangu waliokipiga marufuku walisoma nusu ya pili tu. Nusu ya kwanza inasema kwamba msichana aliyenyimwa mahali pa kusimama na mvulana mchana, akasemeshwa, atakuja kukutana na wanaume mahali pabaya zaidi. Na katika Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, Yasmin aliyemkimbia mume mzee anapata pa kuanzia upya kwa Mwajuma, Ng'ambo ya Unguja. Bila mlango wa Mwajuma, Yasmin na mpenzi wake Denge wasingekuwa na hadithi. Siku hizi tunawasifu Yasmin na Denge, nasi tunamsahau mwanamke aliyetoa chumba.

Kazi hii imenipeleka pengi. Pangani, ambako Shaaban Robert aliwahi kufanya kazi ya forodha, niliwahi kukaa siku tatu nikivuka na kivuko kwenda Bweni na kurudi, kwa sababu nilitaka kujua watu wawili wanaweza kusema nini katika dakika chache za kuvuka mto. Wanaweza kusema mengi, mradi mmoja wao ana baiskeli ya kushikilia. Nilikaa kwenye mabenchi ya hospitali saa ya kutazama wagonjwa. Nilikwenda misibani, na hapo niseme wazi kwamba uchumba mwingi wa kwetu huanzia matangani, watu wakiteka maji na kupika usiku.

Lakini hakuna mahali palipo karibu na moyo wangu kama njia ya kutoka hapa kwenda Kaole. Wengi wenu mmefika kwenye magofu: msikiti wa kale, mibuyu, makaburi ya nguzo. Kuna kaburi moja ambalo waongoza wageni huliambia kundi kwamba ni la mume na mke waliozama baharini pamoja. Sijui hadithi nyingine ya mapenzi katika wilaya hii iliyojengwa kwa mawe ya matumbawe. Niliwahi kumkuta pale kijana wa Zinga na mchumba wake, wamevaa vizuri, wanasikiliza maelezo kama wageni wengine. Nikamuuliza kwa nini wamechagua hapo. Akasema, “Huku tukionekana, tumekuja kusoma historia.”

Kijana yule alikuwa na shida nyingine. Mwaka 2013 mkataba wa awali wa bandari kubwa ya Bagamoyo ulisainiwa, na Oktoba 2015 Rais Kikwete aliweka jiwe la msingi kule Mbegani. Mwaka 2019 mazungumzo yakasimama, halafu yakafufuliwa. Mambo ya uchumi nawaachia wenye elimu yake. Ninachokijua ni kwamba kijana alitaka kujenga chumba na ukumbi aoe, na kila mwaka aliahirisha kwa sababu hakujua kama ardhi ya baba yake itabaki. Mchumba alisubiri. Nimejaribu mara mbili kuandika kisa chao na nimeshindwa, kwa kuwa swali langu la siku zote halina jibu: wataonana wapi, kama hata mahali penyewe hapana uhakika wa kuwapo?

Kwa hiyo nina ombi kwa wazee. Kila kichochoro cha mikoko hapa kina jina, kila mwamba, kila fungu la mchanga linalotokea maji yakitoka. Majina hayo mnayo ninyi, na hayamo katika ramani yoyote niliyoiona. Wapeni vijana hawa. Na vijana, yaandikeni kama mnavyoyasikia, msiyasahihishe.

Leo ni siku ya pili ya bamvua. Kesho maji yatakupwa kwenye saa nne na nusu asubuhi, na akina mama wa mwani wamekubali kutupokea. Anayetaka kwenda tukutane hapa saa tatu, avae kitu cha kulowa.