Usiulize Nchi Gani, Uliza Somo Gani



Kila matokeo ya KCSE yakitoka, swali ninaloletewa ni lile lile: "Uturuki ama Malaysia, wapi kuzuri?" Nami nakuuliza: kwani unaenda kusoma nini?

Chukua sheria. Malaysia, kama Kenya, ilirithi sheria ya Waingereza, na pale IIUM mwanafunzi anasoma hiyo pamoja na sharia. Unayetaka kesi za mirathi ama ukadhi, hapo pana maana. Uturuki ni kwengine kabisa. Sheria yao ya kiraia waliitoa Uswisi mwaka 1926, na kwingi wanasomesha kwa Kituruki. Utafaulu, sawa, lakini mahakamani Mombasa utatetea watu kwa sheria gani?

Uhandisi, hapo Uturuki naisifu. METU ya Ankara inasomesha kwa Kiingereza. Na kuna ufadhili wa serikali yao, Türkiye Bursları: ada, malazi, tiketi na posho ya kila mwezi. Kwa digrii ya kwanza uwe chini ya miaka 21, kwa hivyo usikae. Fomu ni bure. Narudia, bure! Akikuitisha mtu elfu kumi ya fomu, huyo anakula jasho la mamako.

Udaktari ndio unaonitia hofu. Kule Uturuki ni miaka 6. Hata darasa likiwa la Kiingereza, miaka ya mwisho uko wodini, na mgonjwa atakueleza kwa Kituruki panapomuuma. Ukirudi, baraza la madaktari, KMPDC, linakutahini kabla ya intanshipu. Si bora uwaulize wao kuhusu hicho chuo kabla familia haijauza shamba? Wenzetu waliokuwa Khartoum, vita vya Aprili 2023 viliwakatizia masomo. Hawakukosea kwenda. Lakini wewe, kila mwaka ukimaliza, tuma nakala ya matokeo nyumbani.

Wa dini, Madina na Azhar hazihitaji sifa yangu. Anza Kiarabu hapa hapa tu.

Na pasipoti ombeni sasa, msingoje barua ya chuo. Mnajua wenyewe tunavyozungushwa, mara cheti cha babu, mara cha nyanya. Aliyekwama, Jumamosi baada ya Alasiri aje na makaratasi yake yote, tutaandika barua pamoja.