Chupa Ile Ile ya Matone ya Macho

Mama mwenzangu wa Mbwajumali, nawe bibi au shangazi unayelea mtoto,

Tuchukue mfano. Mwanao macho yanamwasha, ni mekundu, anayafikicha usiku na mchana. Alipewa matone, siku ya pili akatulia. Yalipokwisha ukaagiza chupa nyingine dukani, na sasa ni mwezi wa tatu. Jirani naye mtoto wake akachomwa jichoni na ukuti. Ukamwazima chupa ile ile. Ulitaka wema, lakini watoto wawili wako hatarini.

Matone mengi yanayotuliza mwasho haraka yana steroidi, kama vile deksamethasoni, prednisoloni na betamethasoni. Mengine huchanganywa na dawa ya kuua viini, ukadhani ni ya viini tu.

Ndani ya jicho maji hutengenezwa na kutoka kila wakati, mfano wa birika lenye mfereji. Steroidi ikitumiwa wiki kadhaa huweza kuziba mfereji, presha ya jicho ikapanda. Presha ya kawaida ni kama milimita 10 hadi 21 za zebaki. Si kila mtu hupandwa na presha, lakini kwa watoto yaweza kupanda upesi. Mara nyingi haiumi. Mshipa wa kuonea hufa kidogo kidogo, na ukifa haurudi. Hiyo ndiyo glakoma.

Na mtoto wa jirani? Ukuti hukwaruza konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, na huweza kuingiza kuvu. Steroidi hupunguza nguvu ya mwili ya kupigana nayo. Wekundu hupungua, kumbe kidonda kinaendelea kula ndani. Konea huweza kutoboka au kubaki na kovu jeupe.

Je, steroidi ni sumu? La. Mkononi mwa mtaalamu huokoa macho. Basi shika haya: usinunue bila kuandikiwa, usizidishe siku, usiazime. Ikiwa mwanao anaitumia sasa, usiikatize ghafla. Nenda na chupa, uombe apimwe presha ya jicho. Mwasho utulize kwa kitambaa safi cha maji baridi.

Jicho likiuma, likikimbia mwangaza au likiwa na doa jeupe, usingoje kesho. Mpeleke siku hiyo hiyo hospitali ya Faza, au King Fahd kule Lamu.

Leo, kabla ya kulala, itazame chupa iliyo kabatini.