Geji na Mizani

Katika miezi ya kaskazi, ambapo wenye magari wa Dar es Salaam na Mombasa aghalabu huona viyoyozi vyao vikitoa hewa ya vuguvugu, ada iliyoenea kwa mafundi wetu ni kufunga mpira mmoja wa geji, kutazama mshale, kisha kutamka kwamba gesi imepungua na kuiongeza papo hapo. Ada hiyo ni ghalati, na ghalati yenye gharama.

Gesi ya R-134a, iliyomo katika magari yetu mengi, hukaa ndani ya mfumo sehemu mvuke na sehemu kimiminika. Na maadamu injini imezimwa na kimiminika hakijaisha, presha hufuata joto la mahali wala si wingi wa gesi. Kwenye nyuzi 30 za Selsiasi mshale utasimama karibu na paundi 97 kwa inchi ya mraba, iwe gesi imetimia au imebaki nusu. Ndiyo sababu mtungi wa jikoni nao hupimwa kwa kilo.

Fundi stadi huwasha injini, akafungulia ubaridi wa mwisho, akasoma pande mbili kwa pamoja: mpira wa buluu kwenye paipu nene, yenye presha ndogo, na mwekundu kwenye paipu nyembamba, yenye presha kubwa. Zote mbili zikishuka, yamkini gesi ni pungufu. Zote zikipanda, huenda imezidi, au feni ya kondensa haizunguki. Na ndogo ikipanda ilhali kubwa imeshuka, dalili ni kwamba kompresa imechoka, na kuongeza gesi hakutaifaa kitu.

Linalonisikitisha zaidi ni kusahauliwa kwa tundu. Gesi hii haichomwi wala haitumiki ikaisha: ikipungua imevuja, na kwenye maungio huonekana doa la mafuta lililonasa vumbi, ambapo povu la sabuni likipakwa hutoa malengelenge. Nayo ikivuja, ingawa haidhuru ozoni kama R-12 iliyoondolewa kwa Itifaki ya Montreal ya 1987, kilo yake moja huipasha dunia joto kuliko kilo 1,000 za hewa ukaa.

Tundu likishazibwa, mfumo hufyonzwa hewa na unyevu kwa pampu, kisha hujazwa kwa uzito ulioandikwa kwenye lebo chini ya boneti. Hata katika magari ya Japani, yenye maandishi tusiyoyajua, gramu huandikwa kwa tarakimu za kila mtu. Basi mwenye gari na aisome lebo mwenyewe, na kabla hajatoa fedha amwombe fundi auweke mtungi wake juu ya mizani.