Syokimau Ina Stesheni, Sasa Ipewe Treni

Novemba 2012 Rais Mwai Kibaki alifungua stesheni ya Syokimau, kule Machakos inakopakana na Nairobi. Ilikuwa habari kubwa, na ilistahili kuwa kubwa. Tangu uhuru nchi hii haikuwa na mazoea ya kujenga stesheni mpya za abiria, na hapa palikuwa na ukumbi wa tiketi, majukwaa yenye paa na maegesho, mkazi aache gari lake hapo aingie mjini kwa treni. Hata jina lilifaa. Syokimau ni yule mtabiri wa Ukambani anayesimuliwa kuwa alimwona nyoka mrefu mwenye kutema moshi kabla reli haijafika. Lakini kuhusu ratiba ya huyo nyoka hatukuachiwa utabiri wowote, na hapo ndipo penye hoja yangu leo. Kwa zaidi ya miaka kumi tumekuwa tukitengeneza majengo ya reli ya mjini na kuamini kwamba tunatengeneza usafiri. Stesheni ya kitongoji ina kipimo kimoja: aliyeachwa na treni atasubiri ijayo kwa muda gani? Matatu inayoondoka sasa hivi, hata ikiwa imesongamana, inaishinda treni ya baada ya saa mbili.

Tatizo hili lina mizizi. Reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi 1899 haikujengwa kwa ajili ya mtu anayewahi kazini. Ilikuwa ikielekea Uganda, na Nairobi yenyewe ilianza kama kambi ya reli, mahali pa kukusanya vifaa kabla ya kupanda milima. Ndiyo maana njia ya reli ni moja tu. Kwenye njia moja, treni inayokwenda mjini na ile inayotoka mjini haziwezi kupishana popote zinapokutana. Lazima moja iingie kwenye njia ya pembeni na kusubiri nyingine ipite. Idadi ya treni kwa saa, basi, huamuliwa na idadi ya mahali pa kupishana na mfumo wa ishara. Paa zuri la stesheni haliiongezi hata kidogo. Na stesheni ilipofunguliwa, Shirika la Reli la Kenya ndilo lililoijenga, ilhali treni ziliendeshwa na kampuni ya Rift Valley Railways kwa mkataba ulioanza 2006. Mwenye jukwaa hakuwa mwenye injini. Mkataba ule ulivunjika 2017, na mwaka 2020 zikaja treni za dizeli zilizokwisha kutumika Uhispania. Zilikuwa hatua njema, lakini zilipita kwenye njia ileile moja, na huduma iliendelea kuegemea asubuhi na jioni.

Kisha ikaja SGR, reli mpya ya kutoka Mombasa, na Syokimau ikapewa mzigo wa pili. Tangu 2017 abiria wa kutoka Mombasa wanashukia kwenye stesheni ya SGR hapo Syokimau, kwa sababu reli mpya haiingii katikati ya jiji. Na treni yake haiwezi kuendelea kwa reli ya zamani hata ikitaka: upana wa reli mpya ni milimita 1,435 na wa ile ya zamani ni 1,000. Basi mama mwenye watoto wawili na gunia la maembe anateremka, anavuka na mizigo yake, anapanda treni nyingine ya kumfikisha mjini. Syokimau iliyojengewa stesheni kwa ajili ya mkazi wa Mlolongo na Katani sasa ni mlango wa Nairobi kwa watu wa pwani nzima, na nyuma ya mlango huo ni njia moja ya karne ya kumi na tisa.

Wapo watakaosema tuna barabara ya juu kwa juu, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, shida imekwisha. Imekwisha kwa mwenye gari na pesa za kulipia. Kwa wengine, msongamano umebaki palepale chini ya nguzo. Pingamizi lenye uzito zaidi ni la wahasibu: treni ya saa sita mchana itatembea tupu na itakula hasara. Huenda ikatembea nusu tupu, nakubali. Ila mtu anayefikiria kuacha gari Syokimau asubuhi hujiuliza kwanza, mtoto akiugua shuleni mchana nitarudi na nini? Akikosa jibu, anaendesha gari hadi mjini. Ile treni ya mchana ndiyo inayojaza ya asubuhi, na kuipigia hesabu peke yake ni kujidanganya. Wengine huhofia kwamba treni nyingi za abiria zitazuia za mizigo. Lakini tangu 2018 sehemu kubwa ya makontena ya Mombasa imehamia SGR, kwa hiyo njia ya zamani upande huu ina nafasi ambayo haikuwa nayo zamani.

Sasa serikali ina mpango mwingine mkubwa, mji wa reli wa ekari 425 kuizunguka Stesheni Kuu ya Nairobi, uliozinduliwa Desemba 2022 kwa ushirikiano na Uingereza. Michoro yake inapendeza. Siupingi, ingawa naona kama tunarudia mkondo wa 2012 kwa bei kubwa zaidi. Kabla saruji haijamwagwa, bunge lidai karatasi moja: njia ya pili itawekwa kutoka wapi hadi wapi, mahali pa kupishana pangapi pataongezwa, na treni ngapi kwa saa zitafika Syokimau, saa nne asubuhi na saa tatu usiku pia. Karatasi hiyo ibandikwe kwenye ukumbi wa tiketi, pembeni ya bango la nauli, abiria aisome.