Ngoma Haijashuka: Sisi Ndio Tuliokaa Vitini

(Haya ni maneno ya hotuba iliyosomwa na mwanachama mmoja mbele ya mkutano wa wanachama wa Mwanza na vitongoji vyake. Tumeyapiga chapa kama alivyoyasema. – Mhariri)



Nilipoombwa kuja kusema mbele yenu juu ya hali ya ngoma na muziki katika nchi yetu hii ya Ziwa, nilijua tangu mapema neno mlilotazamia kulisikia. Mlitazamia nisimame hapa niseme kwamba muziki wa zamani ulikuwa na maana na wa leo ni kelele tupu. Kwamba vijana wameharibiwa na simu. Kwamba nyimbo kadha wa kadha zipigwe marufuku. Neno hilo ni jepesi, na watu wa umri wangu hulipigia makofi. Mimi leo sitalisema. Nimelichunguza nikaona halisimami kwa miguu yake.

Tarehe 10 Desemba 1962, katika siku zile Tanganyika ilipokuwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alilihutubia Bunge akatangaza kuunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Katika hotuba ile alisikitika kwamba watu waliosoma wamejifunza kucheza rumba na chachacha, na twist, na hata waltz ya Wazungu, lakini ni wangapi wawezao kucheza gombe sugu, au mangala, au kiduo, au lele mama? Wengine hata majina yake hawakupata kuyasikia.

Sasa sikilizeni vizuri, ndugu zangu. Rumba ilikuwa imo katika kulaumiwa. Na leo mzee wa Mwanza akitaka kumwonyesha kijana muziki wenye heshima, humwekea nini? Humwekea Salum Abdallah na Cuban Marimba yake ya Morogoro. Humwekea Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki kwa ajali ya gari Mombasa mwaka 1979. Yaani rumba ile ile! Iliyokuwa ugonjwa mwaka 1962 leo tunainywa kama dawa. Mwaka 1969 wakuu wa Dar es Salaam walipiga marufuku muziki wa soul wa Wamarekani weusi, wakisema unapotosha vijana. Na vijana wale wale waliokuwa wakipotoshwa ndio wazee wa leo wanaotuambia kwamba siku zao vijana walikuwa na adabu.

Simsemi Mwalimu vibaya. Alikuwa na jambo lake, tena kubwa, nami nitalirudia. Nasema tu kwamba sikio la mtu ni hakimu mwenye upendeleo. Wimbo aliousikia akiwa na miaka 20, siku anatafuta mchumba, ndio anaoufanya pishi la kupimia nyimbo zote.

Jambo jingine ni hili. Bendi zetu za zamani zilirekodi nyimbo nyingi mno katika Redio Tanzania Dar es Salaam. Je, zote zilikuwa nzuri? Zilikuwamo za hovyo, zilikuwamo za kujaza dakika, zilikuwamo za mtu kumsifu mwenye baa. Hizo hazipigwi leo. Zinazopigwa katika vipindi vya zilipendwa ni zile zilizokwisha kupepetwa na watu kwa miaka 40 au 50. Mkulima wa mpunga wa huku kwetu hawezi kuchukua mchele uliokwisha kupetwa akaulinganisha na mpunga uliotoka kupurwa sasa hivi, na makapi yake na mawe yake, kisha akasema shamba limeharibika. Basi kwa nini tufanye hivyo kwa nyimbo?

Wasemao kwamba vijana hawana tena maneno, na waseme waliwasikiliza kina nani. Fareed Kubanda, ajulikanaye kwa jina la Fid Q, ni mtoto wa Mwanza, na mashairi yake mtu husikiliza mara mbili tatu kabla ya kuyamaliza. Huko vijijini kina Bhudagala Mwanamalonja na Nelemi Mbasando wanaimba Kisukuma, na watu wanawafuata. Nyimbo mbovu zipo, tena ni nyingi, na nyingine mtu huona haya akizisikia amekaa na mkwewe. Lakini mbovu zilikuwapo siku zote.

Basi, hakuna kilichopotea? Kipo. Ila tunakitafuta mahali sipo.

Kwa ajili ya ndugu walioingia Mwanza jana na juzi, na kwa wasomaji wa gazeti walio mbali, itabidi nieleze kidogo mashindano ya ngoma ya Wasukuma. Kuna vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu. Wazee husimulia kwamba chanzo chake ni mabingwa wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, waliokuwa mafundi wa ngoma na wa dawa, wakashindana. Wafuasi wa Ngika ndio Bagika, na wafuasi wa Gumha ndio Bagalu. Mavuno yakiisha, kuanzia Juni hadi Agosti hivi, wakati watu wana chakula ghalani na jua limekausha njia, vyama hivi hukutana uwanjani.

Na hawachezi kwa zamu! Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Bagika wanacheza upande huu, Bagalu upande ule, wakati mmoja, na umati uko katikati. Hakuna jopo la majaji lenye karatasi na kalamu. Mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Mtu asiporidhika anageuka tu, anatembea hatua 50, amekwenda kwa wapinzani. Kura yake imo miguuni mwake. Na yule kiongozi wa ngoma anaiona migongo ya watu ikiondoka, papo hapo inambidi abadilishe wimbo, aongeze mwendo, atoe kichekesho, amchome mpinzani wake kwa ubeti mpya ambao jana haukuwapo.

Ndiyo maana walibuni mambo. Kuna waliocheza na chatu shingoni. Kuna waliokuja na sanamu za mbao za kuchezesha. Nina hakika walikuwapo wazee wakati huo wakanung'unika wakisema, enzi zetu tulicheza kwa miguu, hawa wa leo wanatushangaza kwa vinyago! Ubunifu ule ulitoka kwa umati uliokuwa mgumu kuridhika.

Hata ngoma za kazi zilikuwa hivyo. Bugobogobo, mnayoiona vijana wakirusha majembe juu na kuyadaka, ilikuwa ngoma ya shamba. Watu walipanga mstari, ngoma ikawapa mwendo, na aliyezembea akatajwa wimboni mbele ya wenzake. Mwimbaji alikuwa na ruhusa ya kusema asichoweza kusema mtu mwingine. Katika miaka ile Paul Bomani na wenzake walipokuwa wakiwaunganisha wakulima wa pamba, na kisha serikali ya kikoloni ilipokatalia matawi ya TANU Usukuma tangu mwishoni mwa 1954 hadi 1958, mikutano iliweza kuzuiwa kwa barua ya bwana mkubwa. Kulima kwa pamoja hakukuzuiwa, na watu wakilima huimba.

Sasa, ndugu Mwenyekiti, nitasema jambo ambalo si tamu, nami najumlisha nafsi yangu katika kosa. Ngoma hizi sisi wanasiasa tumezifanya nini? Tumezifanya mapambo ya kupokea wageni.

Mwaka jana nilikuwa katika uwanja mmoja, sitautaja, tukimngoja mgeni. Kikundi cha Bugobogobo kilikuwa pale tangu saa 2 asubuhi. Mgeni alifika saa 8. Wakaambiwa, chezeni dakika 5, na mtie jina la mgeni katika wimbo. Wakacheza. Mgeni akatikisa kichwa mara mbili, akatazama saa yake, tukaingia kwenye magari. Kijana mmoja aliyekuwa na ngoma aliniuliza, kwa adabu kabisa, "Mzee, hivi mmesikia tulichoimba?" Sikuwa nimesikia. Nilikuwa natafuta kiti changu katika gari. Posho yao ilikuwa soda na nauli, na nauli yenyewe haikuwatosha wote.

Haya, tuulizane. Kikundi kile kina sababu gani ya kutunga ubeti mpya? Hakuna mpinzani upande wa pili. Hakuna mtu atakayeondoka, kwa maana walio pale wamepangiwa viti kwa vyeo vyao. Wakicheza vizuri watapewa soda, wakicheza vibaya watapewa soda. Wimbo wa kumchoma mzembe haufai, maana huenda mzembe ndiye mgeni. Basi hubaki kusifu, na kusifu hakuhitaji fundi. Hicho ndicho kilichoshuka, na waliokishusha ni wenye viti, si wenye ngoma.

Kuna kijana msomi aliyenipinga nilipomweleza haya. Alisema umati ule haukufa, umehamia katika simu: wimbo ukitazamwa na watu laki 5, si ndiyo kura ya miguu? Nilifikiri sana juu ya hoja yake, na kwa sehemu namkubali; ni kweli kwamba hakuna mkubwa anayemlazimisha mtu kuutazama wimbo wa Nelemi Mbasando. Lakini mtu wa simu akichoka hubonyeza akaenda zake, na mwimbaji haoni mgongo wake. Ataona hesabu jioni, hataona ni ubeti upi uliomfukuza. Tena pale uwanjani mtazamaji aliujua wimbo, akauitikia, akaingia kucheza, na mwaka wa pili huenda akawa yeye ndiye kiongozi. Simu inampa mwimbaji wateja. Haimpi wanafunzi.

Nilisema nitalirudia jambo la Mwalimu. Hakuuliza ni wangapi wamewahi kutazama kiduo au mangala, aliuliza wangapi wanaweza kucheza. Nasi tukadhani tumemjibu kwa kuunda vikundi vya kuchezwa mbele yetu.

Wala si lazima tubuni kitu kipya. Pale Bujora, karibu na Kisesa, njia ya Musoma, Padre David Clement kutoka Kanada, ambaye Wasukuma walimwita Fumbuka, alianza katika miaka ya 1950 kuzipokea ngoma hizi wakati mapadre wengine wengi waliziita za kishenzi. Sikukuu ya Bulabo iliyokua pale hukutanisha wachezaji kila mwezi wa Juni. Ni wangapi kati yetu humu ukumbini tumekwenda bila kualikwa meza kuu? Naona mikono 4. Ahsanteni, mnaweza kuishusha.

Basi naleta maombi yangu kwa kamati. Baada ya mavuno yajayo, tawi letu lialike vikundi viwili, kimoja cha Bagika na kimoja cha Bagalu, wacheze pamoja siku nzima katika uwanja mmoja. Pasiwe na meza kuu wala turubai la wageni. Kiongozi akitaka kivuli, ajitafutie mti kama wengine. Asiambiwe mwimbaji jina la kutaja, na akimtaja mmoja wetu kwa ubaya, basi amemtaja. Vikundi vyote viwili vilipwe sawa, fedha taslimu, asubuhi kabla ya kuanza, na mshindi aongezewe ng'ombe.

Mweka hazina ameniuliza fedha zitatoka wapi. Katika makisio ya mwaka huu nimeona fungu la kukodi vipaza sauti vya sherehe. Litatosha. Siku hiyo vipaza sauti havitahitajiwa.